Mbwa wa Mwenye Karakana

Dereva wa karakana alinikuta shambani kwangu Ahero, maji ya mpunga yakiwa yamenifika magotini. Alisimama kwenye tuta na viatu vyake vya mjini, akanipigia kelele kwamba Mama, mke wa mwenye karakana, ananiita Kisumu, na ananiita leo, si kesho.

"Kuna nini?"

"Mzee ametoka hospitali. Mbwa amemkataa."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Yule mbwa nilimfundisha mwenyewe, miaka sita kabla ya siku ile, na katika mbwa wote niliowahi kuwashika sikuona aliyempenda bwana wake kama yule. Nikanawa miguu kwenye mfereji, nikavaa shati safi, nikaingia garini.

Njiani dereva alinieleza. Mzee alipatwa na kiharusi akiwa karakanani, mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakapotea. Alilazwa wiki saba. Alipoletwa nyumbani, mbwa aliisikia gari tangu getini akaja mbio, akalia kama mtoto, akaruka kwenye mlango na kulamba kioo. Kisha Mzee akasaidiwa kushuka, akapewa fimbo, akapiga hatua mbili. Mbwa akarudi nyuma. Manyoya ya mgongo yakasimama. Mzee alipoinua fimbo ili ajishikize vizuri, mbwa aliruka akakamata mkono wa koti, akamvuta hadi chini.

"Hakumwuma," dereva alisema. "Koti tu. Lakini Mzee alilia. Sijawahi kumwona akilia."



Niseme kwanza nilivyoingia katika kazi hii. Nilikuwa askari katika kikosi cha mbwa, Nairobi, hadi nilipoanguka ukutani mazoezini na goti likaharibika. Nikarudi nyumbani Ahero, uwanda wa Kano, na ujuzi mmoja tu ambao hapakuwa na mtu wa kuutaka. Majirani walicheka. Kwetu mbwa hulala nje, hula kinachobaki, na hakuna anayekaa chini kuzungumza naye. Lakini mjini, mtaa wa Milimani na kwa wenye viwanda, wezi walikuwa wakisumbua, na habari zikaenea kwamba kuna mtu Ahero anayeweza kumfanya mbwa atii. Kufikia katikati ya miaka ya themanini nilikuwa naitwa mwalimu wa mbwa. Watu walisema hivyo wakitabasamu, nami nilikuwa nimezoea.

Kazi yenyewe haikuwa mbwa. Mbwa hujifunza upesi. Kazi ilikuwa mwenye mbwa. Nilikuwa nawaambia watu: usimwite halafu ukampiga, hatakuja tena. Usimpigie kelele, sikio lake ni zuri kuliko lako. Akikutazama anakuuliza kitu, mjibu. Wengi walinisikiliza nusu. Mwenye karakana alinisikiliza yote.

Alikuwa Singasinga, mtu mnene mwenye ndevu za mvi na kilemba cha bluu, mwenye karakana ya kutengeneza matrela na matangi ya maji. Alizaliwa Kisumu, baba yake alikuja na reli. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, cha kuamrisha na kutania, na mbwa alifundishwa kwa Kiswahili hicho: keti, njoo, lala, shika, acha. Kila asubuhi Mzee aliendesha Pijo yake nyeupe kwenda kazini, mbwa kiti cha nyuma, pua yake imelala kwenye bega la kushoto la Mzee. Watu waliwajua hivyo. Kichwa cha mtu na kichwa cha mbwa ndani ya gari moja, wakipita polepole.

Tulipofika nyumbani kwao Milimani, Mama alikuwa kwenye baraza akiningoja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio mweupe kichwani, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akinisalimia tu na kuniletea chai. Mbwa alikuwa amefungwa mnyororo nyuma ya jiko. Mzee alikuwa kitini, kilemba kimefungwa na mkono wa mtu mwingine, upande mmoja wa uso umeshuka. Aliponiona alinyoosha mkono wa kushoto.

"Bas," alisema.

"Hilo ndilo neno limebaki," Mama alisema. "Akitaka maji, bas. Akikasirika, bas. Kipunjabi, Kiswahili, Kiingereza, yote imepotea. Lakini akili iko, Mwalimu. Iko yote. Ongea na yeye kama zamani."

Nikachuchumaa mbele yake. "Mzee, nataka nimwone mbwa, halafu nikuombe utembee kidogo. Nitamshika mimi. Unakubali?"

"Bas," alisema, na nikajua ni ndiyo.

Nilimleta mbwa kwa mnyororo. Alinijua, akafurahi. Mzee akainuka kwa shida, Mama na dereva wakamsaidia, akashika fimbo kwa mkono mzima, akaanza kuvuka baraza. Mguu mbaya ulikuwa ukiburuta na kiwiliwili kikiinama kila hatua. Nikausikia mnyororo unakazika. Mbwa hakubweka. Alishusha kichwa, akaweka macho kwenye fimbo, akangoja.

Pale pale nikajua, na nilitamani nisijue.

Wakati wa kumfundisha kukamata mwizi nilihitaji mtu wa kuwa mwizi. Nilimpata sokoni Kibuye, mpakuaji wa magunia, mtu asiyeogopa kitu, aliyekuwa na mguu mmoja mfupi tangu utotoni. Nilimshonea koti la magunia lililojazwa matambara, nikampa fimbo. Kila mchana, kwa miezi miwili, aliingia kwenye geti lile akichechemea, fimbo juu, nami nikasema "Shika!" na mbwa akaruka. Mzee alisimama kando yangu akipiga makofi. Mbwa alipofanya vizuri, ni yeye Mzee aliyempa nyama.

Nilimrudisha mbwa nyuma ya jiko, nikamwambia Mama. Sikumficha.

"Kwa hiyo anafikiri ni mwizi," alisema.

"Pua inamwambia ni Mzee. Macho yanamwambia ni yule mtu. Hajui aamini lipi."

Alifunga mtandio upya. "Basi mfundishe tena."

Nilisema nitajaribu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, na kwa kweli siku ile niliamini ningeweza.

Nilianza na neno. Kama Mzee alikuwa na neno moja tu, mbwa angejifunza hilo. Nilikaa uani na maini yaliyokatwa vipande vidogo, nikasema "Bas", mbwa akaja, akapewa. Baada ya siku chache angeweza kuwa mwisho wa bustani akinusa majani, ukisema "Bas" anakuja kama mshale. Kisha nikampa Mzee maini mkononi, yeye akiwa kitini, fimbo imefichwa.

"Bas," Mzee alisema.

Mbwa alikuja. Alichukua nyama kwa midomo tu, kwa adabu, shingo ameinyoosha mbali. Kisha akageuka, akaja kulala miguuni pangu.

Tulifanya hivyo siku nyingi, na kila mara ilikuwa vile vile. Alikwenda kwa Mzee, akala, akarudi kwangu. Kila mwalimu wa mbwa anaijua hatari hii. Unavyozidi kumfundisha mbwa wa mtu, ndivyo anavyozidi kuwa wako. Nilijificha chumba cha kufulia nguo, nikamwachia Mama kutoa nyama. Mbwa akala, akaja kukaa mbele ya mlango wa chumba kile. Kupitia upenyo nilimwona Mzee akimtazama mbwa, halafu akiutazama mlango. Alijua niko ndani. Sikujua nitoke au nibaki.

Lilikuwa wazo la Mzee, si langu, kuingia garini. Alasiri moja alinyoosha kidole kwenye Pijo na kusema bas, bas, bas, hadi dereva akamfungulia mlango wa abiria. Akakataa kwa kichwa. Alitaka upande wa usukani. Mama alipinga, dereva akaniangalia mimi. Nikamwambia ufunguo ukae kwake, amwache Mzee akae.

Wakamwingiza. Mguu mbaya wakauinua kwa mikono. Akaweka mkono wa kushoto kwenye usukani, akatulia, akatazama mbele kama mtu anayengoja geti lifunguliwe. Nami nilikuwa nimemshika mbwa kwa kamba, na kamba ikaniponyoka. Sikuiachia. Alivuta kwa nguvu ambazo sikuwahi kumjua nazo, akaruka kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, akaweka pua yake kwenye bega la kushoto, na akaanza kulia ile sauti nyembamba, mkia ukipiga kiti kama mtu anayekung'uta godoro.

Mzee hakusema hata lile neno lake. Aliinua mkono mzima akashika sikio la mbwa, akafumba macho.

Mama aliingia ndani. Dereva alijifanya anaangalia tairi. Na mimi nilikumbuka kwamba niliambiwa jambo hili siku ya kwanza, njiani kutoka Ahero, kwamba mbwa alilamba kioo kabla Mzee hajashuka, na sikulitia maanani.

Wiki chache zilizofuata zilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu zilikuwa hivyo. Nilikuwa nikifika saa nane mchana nawakuta tayari wako garini, milango wazi, upepo wa ziwa ukipanda kilimani. Gari haikwenda popote. Mara nyingine Mzee alizungusha usukani kidogo, na mbwa akatazama dirishani kana kwamba kuna njia inapita. Nilihisi nimefaulu kitu, ingawa si mimi niliyefaulu.

Lakini kushuka hakukubadilika. Mguu wa Mzee ulipogusa chini na fimbo ikatoka, mbwa alikaza mwili na kuunguruma. Tulijifunza kumtoa mbwa kwanza, kumfunga, ndipo Mzee ashuke. Kila siku Mzee alisikia mlango wa nyuma ukifungwa na mnyororo ukiburutwa kwenda jikoni kabla ya yeye kuruhusiwa kuweka mguu kwenye ua wake mwenyewe.

Basi akaacha kushuka.

Alianza kwa kuchelewa. Kisha akataka chakula cha mchana kiletwe garini. Mwanamke wa mazoezi, aliyekuja mara mbili kwa wiki kumtembeza, alisimama kando ya gari na saa yake mkononi, na Mzee alitazama mbele tu. Miguu ikaanza kuvimba. Siku moja Mama alinivuta kando ya bomba la maji.

"Daktari anasema asipotembea sasa, hatatembea tena. Anasema miezi hii ndiyo miezi. Mwalimu, pale ndani amefurahi, naona. Na pale ndani anakufa. Nifanye nini?"

"Nipe mwezi mmoja, Mama."

Nilijaribu yote niliyoyajua. Nilivaa shati la Mzee lisilofuliwa, nikachukua fimbo, nikachechemea uani kila siku nikitupa maini. Mwanzoni mbwa alinguruma hata kwangu. Baadaye akaacha. Ilifika siku nikaweza kuburuta mguu kutoka getini hadi barazani, fimbo juu, naye akatembea kando yangu akinitazama mkono. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu. Nikamwendea Mzee garini nikamwambia, "Leo, Mzee. Leo yuko tayari."

Akanitazama. Akakubali kushuka.

Nilimshika mbwa kwa kamba fupi. Mzee akasimama, dereva akamwachia taratibu. Hatua ya kwanza, mbwa alitulia. Ya pili, alitulia. Ndipo nikamwona Mzee. Jasho lilikuwa limejaa usoni, kidevu kinatetemeka, vidole vimeikaza fimbo hadi vimebadilika rangi. Hakuwa akitazama anakokwenda. Alikuwa akimtazama mbwa. Alikuwa akimwogopa mbwa wake, na mbwa aliinua pua, akainusa hofu ile, na manyoya ya mgongo yakainuka moja moja, nikiyaona.

"Acha," nilimwambia mbwa. "Acha. Keti."

Mzee alirudi kinyumenyume akaanguka kwenye kiti cha gari, akavuta mlango kwa mkono wake mzima. Tulirudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Mbwa nilikuwa nimemfundisha. Mzee nilimwambia, "Usiogope," na maneno hayo niliyasikia yakitoka kinywani mwangu yakiwa hayana kazi. Nani aliwahi kuacha kuogopa kwa kuambiwa?

Mwezi ulipoisha Mama hakunikumbusha. Aliniletea chai, akaketi kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mchukue," alisema. "Kwako kuna nafasi. Atakula vizuri, najua. Mchukue leo, nisije nikabadilisha."

"Tumwulize Mzee."

"Nikimwuliza atasema bas. Nitajuaje ni bas gani?"

Tulikwenda wote wawili hata hivyo. Mama aliinama dirishani akazungumza naye kwa Kipunjabi muda mrefu, kwa sauti ya chini, mkono wake juu ya mkono wa Mzee. Mzee alimsikiliza. Mwisho alitazama usukani, akasema neno lake, kwa upole, mara moja. Mama alijiondoa dirishani, akafunika mdomo kwa mtandio. Hakunieleza alivyolielewa. Alitikisa kichwa tu kwamba niendelee.

Nilikuwa na kamba mkononi. Nilifungua mlango wa nyuma, lakini mbwa hakusogea, pua begani pale pale. Nikamwita kwa jina lake. Hakusogea. Nikasema "Njoo." Sikio moja likageuka, basi. Sikutaka kumburuta mbele ya Mzee. Na hapo, bila kufikiri, kwa mazoea ya kazi tu, nikasema:

"Bas!"

Akaruka chini na kuja kwangu kama mshale, akakaa mbele yangu, akainua uso kungoja nyama.

Mzee aligeuza kichwa. Nadhani hadi leo ni mara ya pekee maishani mtu amenitazama hivyo. Haikuwa hasira. Ningeipenda hasira. Alinitazama kama mtu aliyefika dukani akakuta kile alichokuwa anakitaka kimechukuliwa na aliyemtangulia, tena aliyemtangulia hana haja nacho. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na Kiswahili chote, na Kijaluo, na Kiingereza cha askari, na sikupata neno hata moja la kumpa. Nikafunga kamba kwenye ukosi, nikamwongoza mbwa hadi kwenye pikapu ya karakana. Dereva aliendesha hadi Ahero bila kufungua redio.

Nilirudi Milimani mara mbili baadaye, peke yangu. Mara ya kwanza Mzee alikuwa amelala. Mara ya pili nilimkuta akitembea kwenye njia ya geti na yule mwanamke wa mazoezi, anaburuta mguu, anahema. Nilisimama nje ya ua. Hakuniona, au aliniona na hakutaka. Nikageuka nikarudi stendi ya mabasi.

Mvua za masika zilipokuja kiharusi kingine kilimchukua. Dereva ndiye aliyeniletea habari, kwenye tuta lile lile. Sikwenda kuuaga mwili. Niliogopa ningeulizwa mbwa yuko wapi.

Mama alikuja Ahero miezi kadhaa baadaye, kabla ya kwenda ng'ambo kwa watoto wake. Mafuriko yalikuwa yamepungua na matope yalikuwa kila mahali. Akavua viatu garini akatembea peku hadi nyumbani kwangu. Mke wangu alimtolea kiti. Mbwa alimnusa miguu, akamlamba matope kidogo, akaenda kulala kivulini. Mama alimtazama hadi alipolala.

"Amenenepa," alisema.

"Anakula samaki, Mama."

Alinywa uji aliopewa, wote. Kisha akasema, "Alitembea hadi getini, unajua? Kila siku, peke yake mwishoni. Daktari alifurahi sana. Pale getini anashika chuma, anatazama barabara. Namwambia twende ndani, anasema bas. Mimi mpaka leo sijui kama alikuwa anafanya mazoezi au alikuwa anamngoja."

Aliweka kikombe chini.

"Wewe unajua mbwa na unajua watu wa mbwa," alisema. "Niambie. Nilikosea?"

Nilimwambia mkosaji ni mimi, tangu siku ya koti la magunia. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Hakuja kusikia hilo. Nikasema sijui, na hilo ndilo lililokuwa kweli. Akakubali kwa kichwa, akaniuliza kama kuna maji ya kunawa miguu. Mke wangu alimletea karai. Nilipoinuka kumsindikiza hadi garini mbwa alifungua jicho moja, akalifumba tena.

Aliishi nasi miaka mitatu zaidi. Alikuwa mbwa mzuri, mtulivu, watoto walimpanda. Kazi ya kufundisha niliendelea nayo kwa muda mrefu, huko Milimani na hata Awasi na Sondu kwa wenye mashamba. Mtu akinitaka nimfundishe mbwa wake kukamata mwizi, nilimwambia anunue kufuli. Wengine walicheka. Wengi walitafuta mtu mwingine.